Mpaka Hauliwi

Emerensiana wa Matiri hajawahi kuwa mtu wa kunong'ona. Alizaliwa Kigonsera, jirani kabisa na misheni, akaolewa huku milimani na Bernadi. Bernadi alipofariki, wazee wakamshauri arithiwe na shemeji yake Baltazar. Alijibu kwamba yeye si koti la marehemu, la kugawiwa siku ya kuondoa msiba. Akabaki na binti yake Glorious, mibuni michache nyuma ya nyumba, na shamba moja la mteremkoni ambalo baba mkwe alimkabidhi mwenyewe mbele ya watu. Shamba hilo ndilo mahindi yake na maharage yake, hana lingine.

Basi mwaka huu, mvua zilipoanza kupungua, Baltazar akaja na maneno matamu. Alitaka wabadilishane mashamba: yeye achukue la mteremkoni, Emerensiana apewe lake la kando ya barabara, pale bodaboda zinapopita, ili shemeji yake asihangaike kubeba mizigo kichwani. Huruma ya ghafla namna hiyo, nani asiyeijua. Emerensiana akakataa palepale. Baltazar naye akalipeleka jambo kwenye sengu, baraza la ukoo, ambako wanaume hula pamoja na kukata mashauri.

Mzee Damiano, mkubwa wa ukoo, akaamuru mashamba yapimwe. Wakazunguka la Emerensiana na kamba yao: kamba tatu kila upande, jumla kumi na mbili. Wakapanda barabarani, wakazunguka la Baltazar: kamba tano kwa urefu, moja kwa upana, tano tena, moja tena. Kumi na mbili. Wazee wakatazamana wameridhika. Mashamba ni sawa, huyu mama anabisha nini?

Na hapo ndipo hasira inakupanda, maana wazee wale hawakuwa waongo. Walikosea tu kosa la wanaume wa Umatengo. Kwetu mwanaume hufyeka nyasi, akazilaza chini miraba miraba, kazi yake ikaishia hapo. Kuchimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo, yaani kutengeneza ngolo, ni kazi ya mwanamke. Mume anaujua mpaka kwa miguu yake. Ndani ya shamba yumo mkewe, amepinda mgongo tangu asubuhi.

Kwenye sengu Emerensiana alisimama bila kuitwa. Alimwamkia Mzee Damiano shikamoo, kwa sababu adabu anayo, ila uoga ndio hana. Mzee akamwambia kwa upole kwamba kamba haidanganyi.

"Haidanganyi, Baba," alisema. "Imewaambia mpaka una urefu gani, basi. Na mpaka hauliwi. Tunakula cha ndani."

Akaokota kijiti, akachora vumbini shamba lake, tatu kwa tatu, akalikata kwa mistari vipande vya kamba moja kila upande. Vikatoka tisa. Pembeni akachora la Baltazar, jembamba kama mkanda wa suruali, akalikata vilevile. Vitano tu. Akawauliza wazee vile vinne vingine atavilima wapi, hewani?

Baltazar akacheka. Akasema hiyo ni michoro ya watoto wa shule, shamba si vumbi, na mwanamke mjane ashukuru kwa anachopewa. Wazee wawili watatu wakaguna kumuunga mkono. Emerensiana akauona ugali wake unamponyoka mbele ya macho yake, na moyo ukamwaka.

"Basi aulizwe Gaudiosa."

Gaudiosa ni mke wa Baltazar, na wakati huo alikuwa anapitisha maji ya kunawa. Kila mwaka yeye na Emerensiana huchimba ngolo kwa kusaidiana, wao wawili, majembe mawili, leo kwako na kesho kwangu. Baltazar akasema mkewe hana neno kwenye sengu. Mzee Damiano akamwinulia mkono anyamaze, akamgeukia mama yule akamtaka aseme.

Gaudiosa aliweka beseni chini. Hakumtazama mumewe.

"Baba, shamba letu la barabarani tulianza Jumatatu, Ijumaa tukamaliza. La Mama Glorious tulianza Jumatatu, tukapumzika Jumapili katikati, tukamaliza Jumatano ya wiki ya pili. Mikono ni hii hii. Kama mashamba ni sawa, mgongo wangu ndio muongo."

Mzee Damiano aliinama akautazama mchoro. Kisha akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, ikiwa mashamba ni sawa Baltazar analitakia nini la mwenzake. Mzee akakata shauri kwamba kila mtu abaki na chake.

Baltazar akaondoka kwa kishindo, akisema hayajaisha, atakuja tena na wapimaji wake. Emerensiana hakungoja afike mbali.

"Karibu sana, shemeji," alimwambia, wote wakisikia. "Ila njoo na jembe, uanzie kona ya juu. Kamba niachie, nina mbuzi wa kufunga."