Mbwa Niliyemkataza Kuzaa

Nimefundisha baiolojia sekondari hapa Karatu kwa miaka mingi, na mada ninayoipenda kuliko zote ni urithi. Nachora ubaoni sungura mweusi na sungura mweupe, nawaoza, kisha nagawa watoto wao kwenye visanduku vinne. Sikuwahi kuvitilia shaka visanduku hivyo mpaka nilipofuga mbwa.

Nilimchukua Arusha kwa mtu niliyefahamiana naye: jike la asili ya mbwa wa polisi, mweusi mgongoni, masikio bado yameanguka. Alikuwa na wiki nane. Wiki ya pili nyumbani kwetu aliamka uso umeumuka kama andazi. Midomo, kope, hata tezi za chini ya taya. Mke wangu alisema ameumwa na nyuki. Nikakubali, kwa kuwa nyuki ni jambo linalopita lenyewe. Siku ya tatu vipele vya usaha vikamtoka kuzunguka macho, akagoma kula.

Daktari wa mifugo, mama mmoja mtaratibu mwenye duka la dawa karibu na stendi, alimchoma sindano za antibiotiki bila mafanikio. Akambinya tezi, akafikiri.

"Hapa hakuna vijidudu," alisema. "Kinga yake mwenyewe ndiyo inayomshambulia. Hutokea kwa watoto wa mbwa."

Akampa vidonge vya kuituliza hiyo kinga, akanionya nisikatishe dozi hata akionekana amepona. Baada ya wiki kadhaa alikuwa mzima, isipokuwa makovu chini ya macho yasiyoota manyoya, yaliyompa sura ya mtu aliyevua miwani sasa hivi.

Siku ya mwisho ya matibabu daktari aliongeza neno. "Nisingekushauri umzalishe. Hakuna mwenye uhakika kwamba ugonjwa huu unarithiwa, lakini unaonekana zaidi kwenye koo fulani za mbwa."

"Nimekuelewa, daktari," nikamjibu, kwa sauti ya mtu anayeongea na mtaalamu mwenzake.

Mbwa akakua, akawa mlinzi hodari kuliko wote mtaani. Ndipo akaja jirani yangu, mzee mfugaji aliyehamia kwetu kutoka Ngorongoro na dume lake la mbwa lililozoea kufukuza fisi. Aliegesha fimbo ukutani, akapokea chai.

"Mwalimu, binti yako amekua," alisema. "Na mimi nina kijana."

Nikampa somo zima, kuanzia kinga hadi koo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Ndugu zake wangapi waliugua?" akauliza.

"Sijui, mzee."

"Na mama yake?"

"Sijui."

"Sisi tukichagua dume la ng'ombe tunaanza na mama yake. Wewe umeanza na ubao."

Nikapiga simu Arusha pale pale, mzee akisikia. Yule mtu alisema mama hakuwahi kuugua, ila watoto wake wawili walivimba uso vilevile, mmoja Moshi, mwingine Dodoma. Alieleza kuwa hali ya hewa ya Moshi ni mbaya kwa mbwa. Ya Dodoma pia.

Mzee akaweka kikombe chini. "Basi kijana wangu nabaki naye." Swali lake mwenyewe lilikuwa limemwangusha, na mimi nikajiona mshindi.

Mke wangu, aliyekuwa anachambua mchele pembeni, hakushangilia. "Wewe una pumu tangu utoto," alisema mzee alipoondoka. "Mwanao wa pili anayo. Mbona mimi sikupewa somo hili kabla ya harusi?"

"Binadamu ni tofauti."

"Kivipi?"

Nikaenda kuangalia kama geti limefungwa.

Nilipanga na daktari amtoe mbwa kizazi. Wiki iliyofuata daktari akaitwa Engaresero kuchanja mifugo, mvua ikakata barabara, akakaa huko zaidi ya wiki mbili. Mbwa hakumsubiri, akaingia kwenye joto. Nikamfungia stoo ya mahindi. Jumapili, tukiwa kanisani, akachimba chini ya mbao akatoka. Baba wa watoto alijulikana kwa mashahidi: ni yule mbwa wa pale buchani, miguu mifupi, sikio moja na nusu, ambaye ukoo wake hauna mtu wa kumpigia simu.

Mzee alikuja kulitazama tumbo. "Kumbe ulikuwa unamsubiri huyu," alisema kwa upole.

Wakazaliwa watano. Kila asubuhi nilikagua nyuso zao. Wiki ya sita mmoja, wa kahawia, alivimba mdomo. Sikumsingizia nyuki. Nilimbeba kwenye kapu siku hiyohiyo, akatibiwa mapema, akapona bila kovu. Lakini kila nilipompa kidonge alinilamba kidole, na niliona aibu ambayo sikuitarajia. Alikuwa ameugua kwa sababu mbao za stoo yangu hazikufika chini.

Kila aliyekuja kuchukua mtoto nilimweleza historia yote. Mkulima wa vitunguu kutoka Mang'ola alimnyooshea kidole yule wa kahawia.

"Huyo ndiye aliyeugua," nikamwambia.

"Ndiyo maana namtaka. Huyu ameshamaliza."

"Hii siyo surua, kaka. Yeye amepona, ila watoto wake wanaweza kuugua. Usimpandishe kabisa."

"Mwalimu, nimekuelewa."

Mama yao tulimtoa kizazi watoto walipoacha kunyonya na ratiba ya daktari ikapatikana. Nikaamini jambo limekwisha.

Mwezi uliopita kwenye simu yangu iliingia picha kutoka Mang'ola: watoto saba wa mbwa wamelala juu ya magunia ya vitunguu, na yule wa kahawia amekaa nyuma yao, kifua mbele. "Hongera mwalimu, umekuwa babu," aliandika mkulima.

Niliikuza picha, nikapita uso mmoja baada ya mwingine. Mke wangu alichungulia begani kwangu akasema ni wazuri. Ni kweli, walikuwa wazuri. Nikamwandikia mkulima aangalie midomo na kope kila siku, asisubiri hata kidogo akiona uvimbe, na nikamtumia namba ya daktari. Ananitumia picha kila asubuhi, mtu mwaminifu sana. Wamefika wiki ya saba na nyuso bado ziko sawa.

Jana nilimuuliza atawafanyia nini. Akajibu kwamba wote wameshapata watu wa kuwachukua, na wawili kati ya watu hao wamechagua majike kwa ajili ya kuzalisha. Nimemwomba anitumie namba zao.