Foko ya Watu Wawili

Leo foko ya baiskeli imenishinda mbele za watu. Subirini kwanza, msicheke.

Najiundia baiskeli ya gia, ya kuhimili mawe ya huku Endasak. Fremu na vingine ninavyo. Ilibaki foko, ule uma wa kushika gurudumu la mbele, ile yenye shokapu.

Nikaenda navyo kwa fundi Gabrieli.

"Shikamoo babu," akanisalimia.

"Marahaba. Lete foko, maneno weka."

Akaleta mbili. Moja springi laini, nyingine ngumu. Ile ngumu nikailalia kwa kifua chote. Haikubonyea hata kidogo! Wanywa chai wa jirani wakacheka. Nikawaambia bado vichwa vyao ni vigumu kuliko hiyo.

"Babu, chukua laini," akasema Gabrieli. "Hiyo ni ya kubeba wawili. Peke yako itakuumiza mabega."

"Sasa si tuko wawili! Bibi yako anakaa mbele, kwenye bomba la fremu. Keria hataki, anasema nyuma ni kwa magunia."

Gabrieli akainama. Akaanza kufuta spana ambayo haikuwa na uchafu.

Mwezi uliopita alikuja kutusaidia kuchimba kaburi la mke wangu.

Wa chai nao wakaangalia vikombe vyao. Afadhali wangeendelea kucheka.

Basi nikachukua ile ngumu, akanifungia hapo hapo. Mzee nimeshasema wawili, nirudi nyuma vipi?

Njia nzima imenitikisa, na haikubonyea hata mara moja.

Mnaojua baiskeli, ushauri wa foko kaeni nao. Niambieni tu, mabega yanapoa baada ya siku ngapi?