Nusu Saa ya Nyuma ya Nyumba

Saa kumi jioni ndiyo ilikuwa saa yetu. Kabla ya hapo rafiki yangu alikuwa ghalani Ruaha Mbuyuni anachambua vitunguu, vizima huku, vilivyooza kule, na ikifika kumi na nusu malori yanasogea kupakia, hapo hana tena mikono. Mimi nilikuwa Mbeya, Soweto, na kumi na nusu ilitakiwa mkaa uwe umeshika na maharage yawe jikoni, maana mume wangu akitoka gereji huwa anarudi na njaa ya watu wawili. Kwa hiyo katika siku nzima, ya kwetu sisi ilikuwa nusu saa tu, na nusu saa hiyo tulishuka na miavuli kwenye kisiwa cha gemu la simu.

Gemu lenyewe linachezwa mtandaoni na watu wengi. Timu zinashuka za wanne wanne, mnaokota silaha kwenye nyumba zisizo na wenyewe, halafu duara la kupigania linaanza kubana, na timu itakayobaki ya mwisho ndiyo mshindi. Sisi tulikuwa wawili, wengine wawili tuliletewa na gemu, leo huyu kesho yule, watu tusiowajua. Mimi kulenga sijui. Kazi yangu ilikuwa kubeba dawa na kumwinua mwenzangu akiangushwa. Yeye ndiye mpiganaji. Hata shule ya msingi kule Iringa ilikuwa hivyohivyo, yeye anagombana, mimi nambembeleza aliyepigwa.

"Kamwene, mnyalukolo," alikuwa ananiambia kila nikivaa hedifoni. Ni salamu ya kwetu, na mnyalukolo ni ndugu, ndivyo watu wa Iringa tunavyoitana hata kama hatujazaliwa tumbo moja. "Huko baridi?"

"Nimevaa masweta mawili."

"Mimi hapa natamani kuvua ngozi."

Basi tunaanza kutambaa kwenye majani ya kisiwa, risasi zinapita juu, na sisi tunapanga mgahawa wetu. Tulikuwa na mgahawa kichwani, pale Nyololo, mahali mabasi yanaposimama. Chai ya rangi yenye tangawizi, maandazi ya moto, choo safi. Tulibishana mwezi mzima kuhusu vitambaa vya meza. Yeye alitaka vyekundu, mimi nilitaka vya kijani, na mara nyingi tuliuawa tukiwa hatujakubaliana.

Mtu mwingine angesema ni gemu tu. Lakini tangu niolewe nikaletwa Mbeya, kila aliyenijua tangu utoto alibaki nyuma. Majirani zangu ni wazuri, ila kwao mimi ni mke wa fundi. Kwenye hedifoni nilikuwa bado ni mimi.

Ndipo akaja baba mkwe. Alitoka Rungwe, macho yote mawili yana mtoto wa jicho, akawa anasubiri zamu yake ya kupasuliwa hapa mjini. Kuja kwake hakukunisumbua. Ila kwao Wanyakyusa mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Si ugomvi, ni heshima. Humpi mkono, hukai naye chumba kimoja, humsemeshi, na ukisikia anakuja unapisha. Familia nyingi za mjini zimeshalegeza, lakini mzee wetu ameishi nayo maisha yake yote, na mimi binti wa Kihehe sikutaka niwe ndiye niliyekuja kumvunjia.

Tukaishi nyumba moja kwa kukohoa. Akitaka kutoka chumbani anakohoa, mimi natokea mlango wa nyuma. Nikitaka kupita sebuleni nagonga sufuria, yeye anageukia ukutani. Chakula chake cha mchana alipelekewa na mama jirani, Msafwa mmoja mcheshi, aliyesema hajawahi kuona nyumba yenye adabu na kelele kwa pamoja.

Sasa, ndani mwetu mtandao unakatikakatika. Mbele ya nyumba ni barabarani, na mke mgeni ukikaa pale na hedifoni, kabla jua halijazama mtaa mzima unajua huna kazi. Ilibaki nyuma, kwenye ngazi ya jiko. Na saa kumi lile jua kidogo la Mbeya linaangukia hapohapo kwenye ngazi. Mzee naye mifupa ilikuwa inamuuma. Siku ya pili tu alishapagundua, akaanza kuja na kigoda chake.

Nikawa nacheza roho juu. Sikio moja kisiwani, sikio moja kwenye korido. Nikisikia kikohozi tu, nachomoka na simu, naingia stoo, mtandao unakata, na yule mtu wangu kwenye gemu anabaki kasimama katikati ya uwanja kama nguzo ya umeme. Nikirudi hewani nakuta nimeuawa, na mwenzangu ameuawa kwa kukosa dawa nilizobeba mimi.

"Ulienda wapi?"

"Alikohoa."

"Nani alikohoa?"

"Mzee."

"Si ulisema haoni?"

"Haoni vizuri. Anasikia. Halafu mimi naona."

"Basi fumba macho wewe, tumalize mchezo."

Tulicheka. Siku zilivyozidi kwenda alicheka kidogo, na mwishowe hakucheka.

"Mnyalukolo, niambie ukweli," alisema jioni moja. "Unacheza na mimi au unanichezea? Mimi siku nzima nimeinama kwenye vitunguu nasubiri hii nusu saa. Kuna dada wawili wa Makambako wananiita kila siku niingie timu yao. Wao saa kumi wapo. Ukinitoka tena katikati, nahamia kwao, sisi tutasalimiana sikukuu."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Akiwa na hasira namjua, itapita. Hii ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka. Usiku huo chakula sikukiona utamu. Niliwaza tutaanzaje kusalimiana sikukuu tu, sisi ambao hata vitambaa vya meza hatujamaliza.

Mume wangu aliniuliza nina nini, nikamwambia. Alicheka, akaona sicheki, akaacha.

"Nitamwambia baba."

"Usimwambie. Atasema nimemfukuza juani."

Alimwambia hivyohivyo. Kesho yake asubuhi akaniletea jibu jikoni, huku anafunga viatu. "Baba anasema mwenye simu yake asihangaike. Saa kumi yeye atakuwa anatembea, ananyoosha miguu."

Furaha yangu ilidumu kwa muda wa kunawa uso. Anatembea wapi, kwa macho yapi? Mume wangu akasema mzee ameshaijua njia. Anafuata ukuta mpaka asikie mashine ya kusaga, anakata kulia, anafika kanisani, anarudi. Mashine ikinguruma upande wa kushoto anajua anarudi nyumbani. Nilikubali kwa sababu nilitaka kukubali.

Kwa hiyo nilipata nusu saa yangu yote, na sikuifaidi. Kila fimbo yake ilipogonga getini kutoka, moyo ulitoka naye. Tunashuka kisiwani, mimi nahesabu sasa amefika ukutani, sasa amefika kwenye mashine. Mwenzangu ananiambia kuna watu darini, mimi namwambia ndiyo, wala sijasikia. Fimbo ikigonga getini kurudi ndipo nacheza vizuri, dakika chache za mwisho.

"Upo lakini haupo," aliniambia. "Afadhali ulipokuwa unakimbilia stoo."

Siku yenyewe ilianza vibaya. Umeme ulikatika tangu mchana na wingu lilishuka mpaka kwenye paa, na manyunyu yale ya kwetu ambayo hayanyeshi wala hayaachi. Nilidhani mzee hatatoka. Saa kumi fimbo ikagonga, akatoka. Aliahidi saa ile ni yangu, na mzee yule si wa kurudisha neno.

Kisiwani siku hiyo mambo yalikwenda kwa namna ambayo haijawahi kutokea. Wale wawili wa kuletewa walikuwa wazuri, mwenzangu alikuwa moto, duara likabana mpaka likawa dogo kama uwanja wa mpira wa shule. Timu tatu zimebaki. Tumelala kwenye majani nyuma ya ghala.

"Leo tunashinda," alininong'oneza, kana kwamba maadui wangesikia. "Usipumue."

Nami nikasikiliza fimbo. Hakuna fimbo. Nikasikiliza mashine ya kusaga. Hakuna mashine. Hapo ndipo akili ikanijia kwamba umeme haupo, na mzee hana kitu cha kumwambia akate wapi.

"Mnyalukolo, natoka."

"Usithubutu."

"Mzee hajarudi. Mashine haiwaki."

"Mashine gani? Zimebaki timu tatu. Nilikwambia ukitoka tena nini?"

"Uliniambia."

Sikuvua hedifoni. Nilitupia kanga mabegani nikatoka getini, simu mkononi, yeye bado ananisema masikioni. Barabara ilikuwa tupu, manyunyu yamewaingiza watu ndani. Nilipita mashine iliyonyamaza, nikapita mahali pa kukata kulia, na mbele zaidi, kwenye ile barabara ambayo mafundi wa bomba wameichimba, nikamwona. Amesimama kanipa mgongo, koti limelowa, fimbo inatafuta ukuta ambao haupo. Mtaro ulikuwa mbele yake, hatua chache, udongo wake umelowa na hauna hata kamba.

Niliangalia huku na huku nitafute mtu wa kumwambia amshike. Hakuna mtu. Kukohoa nilikohoa, na kwa adabu yake akasogea mbele kunipisha. Nikaona nimezidisha hatari. Kumwita siwezi, kumshika ndiyo kabisa. Akanyanyua mguu tena.

"Simama hapohapo," nilisema kwa sauti, simu nimeisogeza karibu na mdomo. "Mnyalukolo, usisogee. Mbele yako kuna mtaro."

"Mtaro uko wapi?" rafiki yangu akauliza. "Mimi niko nyuma ya ghala."

Mzee alishusha mguu. Akasimama.

"Mtaro mrefu, umechimbwa leo. Rudi nyuma taratibu."

"Nikirudi nyuma natoka kwenye duara, wewe vipi?"

Mzee alirudi nyuma taratibu. Mimi nikarudi pia, nikasimama pembeni kwenye ua wa watu, uso nimeugeuzia majani.

"Hapo sawa. Sasa geukia mkono wa fimbo. Ukuta utaukuta karibu."

Rafiki yangu akasema polepole, "Unaongea na mzee."

"Naongea na wewe," nikamjibu.

"Haya. Ongea na mimi." Nikasikia milio ya risasi kwenye simu, kisha ikakoma. "Nimeshauawa, usijali. Ameupata ukuta?"

"Ndiyo, umeupata," nilisema kwa sauti. "Ufuate huohuo kurudi nyumbani. Ukifika kwenye jiwe kubwa, shuka kidogo, pana utelezi."

Alipokwisha kunipita, tulikwenda hivyo mtaa mzima. Yeye mbele na fimbo, mimi nyuma mbali, nimeinamisha kichwa, namwelekeza mtu wa Ruaha Mbuyuni njia za Soweto. Naye huko kwenye joto lake ananiuliza: amepita jiwe? Kuna bodaboda inakuja? Mwambie asikimbilie. Bodaboda ilikuja kweli, nikamwambia mwenzangu asogee pembeni, na mzee akasogea pembeni.

Getini alisimama, mgongo bado kwangu. Akapangusa fimbo kwa kiganja. Akaliambia geti, "Na yule wa kwenye simu, naye afike salama." Akakohoa, akaingia.

"Amesema nini?" rafiki yangu akauliza.

"Amesema nawe ufike salama."

Nyuma yake nilisikia lori linapiga honi na mtu anamwita jina aje kupakia.

"Mwambie nimefika."

"Siwezi kumwambia, nimekwambia kila siku."

"Mwambie kama ulivyokuwa unamwambia."

Nikasimama chini ya dirisha la mzee, nikasema kwenye simu kwa sauti, "Haya, nimefurahi kama umefika."

Ndani kigoda kikavutwa.

Mkaa ulikuwa haujawashwa, maharage bado yamo kwenye maji, na gereji walishafunga. Nilitaka kumuuliza rafiki yangu kuhusu wale dada wa Makambako, lakini yule aliyemwita alimwita tena.

"Nakuja," alimjibu, kisha akarudi kwangu. "Kesho umeme ukiwa haupo, saa kumi usishuke kisiwani. Tunaanza na mzee, tukimfikisha ndipo tuone dakika zilizobaki."

"Na zisipobaki?"

"Kwani tumeshamaliza ya vitambaa vya meza? Tutabishana njiani."