Mama na Kiti cha Sponji

Nilipokuwa mdogo Rumonge, mama yangu alikuwa na nguvu za kutisha. Asubuhi alianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, mchangani, akiinama na kuinuka, na mchana alibeba beseni la ngazi, matunda ya michikichi, kutoka Kizuka bila kupumzika njiani. Ukikosa adabu akakushika mkono, unasikia mpaka begani. Siku zile nazitamani sana. Hadi leo, nikisikia harufu ya mawese yakichemka, moyo wangu unarudi kwetu.

Nilipopata kazi ya uuguzi, sisi watoto tulikaa kikao. Kwetu, mama wa mtu mwenye mshahara akionekana na beseni kichwani, aibu ni ya watoto. Basi tukamnunulia kiti cha sponji, tukamwekea dada wa kazi, tukamkataza hata kuchota maji. Alilalamika siku mbili tatu, kisha akanyamaza. Alikaa hivyo miaka sita. Wageni walitusifu, na mimi nikavimba kichwa.

Kisha wakaja madaktari watafiti kupima nguvu za wazee wa kando ya ziwa, nami nikaajiriwa kushika saa. Kipimo kimoja kilikuwa rahisi: mzee anakaa kwenye kiti cha mbao, anakunja mikono kifuani, anainuka na kukaa mara tano. Mama alikuja na kitenge kipya. Rafiki zake wa zamani, ambao bado walianika ndagala kwa kuwa watoto wao hawakuwa na kitu, walizimaliza zote tano huku wakicheka. Ikafika zamu yake.

"Mama, muinuke bila mikono," nikamwambia.

Mapaja yalitetemeka, akarudi kitini. Mara ya pili hivyo hivyo. Akaniangalia.

"Hii miguu si yangu tena," alisema. "Iko ya nani?"

Daktari aliniita kando. Alisema uzee hula misuli, lakini kukaa tu huila haraka zaidi, na mama akianguka akavunjika nyonga, huenda asitembee tena. Bado kulikuwa na nafasi: ale mayai, maharagwe na samaki, na miguu ifanye kazi. Nilikwenda nyuma ya jengo la vipimo, nikalia. Tulikuwa tumemnyang'anya mama nguvu zake, tena kwa heshima zote.

Dada wa kazi tulimtafutia nyumba nyingine. Mama akarudi mchangani, mwanzoni kwa nusu saa, akiwa amenishika bega. Huu ni mwezi wa tano tangu aanze. Siku hizi anakwenda peke yake, anarudi ananuka samaki na kunigombeza kama zamani, nami nafurahi kugombezwa.

Juzi rafiki wa marehemu baba alinisimamisha sokoni.

"Mushahara unapata, na bado unatumikisha mama yako?"

Watu wote waligeuka. Nilitaka kueleza habari za misuli na vipimo, lakini uso ulikuwa unaniwaka kwa aibu.

"Ndiyo, baba," nikajibu. "Namutumikisha."