Kipanga wa Mkuyuni

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu. Mdachi alikuwa anatawala huku kwetu Bujonde, nami nilikuwa bibi harusi wa miezi mitatu, mwenye haya kupita kiasi.

Juu ya mkuyu, kando ya shamba letu la ulezi, kipanga alikuwa na makinda mawili. Ni ndege mdogo yule, kama njiwa hivi, na dume ni mdogo kuliko jike. Hujificha majanini, kisha hufyatuka ghafla akamnyakua ndege mwenzake angani. Kila nilipopalilia niliona kwenye kisiki manyoya aliyonyonyoa. Yalikuwa ya manjano, ya minana, wale walaji wa ulezi. La kifaranga cha kuku sikuliona hata moja.

Vifaranga vyetu vikaanza kupotea. Baba mkwe akawaambia wanawe, "Mwizi ni huyu wa mkuyuni. Kesho pandeni, mkishushe kiota."

Nilimsikia nikiwa nyuma ya migomba, nimejifunika kichwa. Kwetu mke wa mwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Nikanyamaza. Nakiri, moyoni niliona nafuu kwamba mila imenizuia kusema.

Kiota kikashushwa, makinda yakauawa, wazazi wakahama. Vifaranga viliendelea kupotea, mpaka siku mwewe alipoonekana mchana kweupe akiondoka na kimoja. Na minana je? Walishuka ulezini kama mvua. Tulipiga kelele hadi sauti zikakauka. Mwaka ule hata mbegu tuliomba kwa jirani.

Ndipo nikamweleza mama mkwe habari za manyoya. Akaweka jembe chini.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama. Lakini baba mkwe..."

"Mkwe, mkwe! Umejificha nyuma yake kama kuku nyuma ya tenga. Mimi si ninakula naye? Ungeninong'oneza, ningemfikishia kabla ugali haujapoa. Hiyo si heshima, binti. Ni woga uliovaa nguo ya heshima."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha neno, tukakosa ulezi.

Kwa hiyo, mwanangu, mkubwa usimvunjie heshima. Lakini ukijua jambo, mtafute anayeruhusiwa kulisema, umpe upesi. Na kiumbe usimhukumu kabla hujaona anachokula.

Haya, nenda. Mungu akujalie haya ya kiasi, na ulimi usiochelewa.