Tela Tupu la kwenda Rawlins

Orrin Haskett alikuwa ameendesha malori miaka thelathini na mmoja kati ya miji ya Laramie na Rawlins, na katika miaka yote hiyo hakuogopa theluji wala barafu kama alivyoogopa kuvuta tela tupu siku ya upepo. Tela lenye mzigo hushika lami kwa uzito wake. Likiwa tupu ni bati tu lililoutegea upepo ubavu. Pale Arlington, katikati ya safari, barabara inatoka nyuma ya vilima, na upepo unashuka kutoka Mlima Elk bila kukuta hata mti mmoja wa kuupunguza makali.

Asubuhi moja ya Februari, ubao wa taa barabarani ulionya: upepo maili sabini kwa saa, magari marefu yasiyo na mzigo yanashauriwa yasipite. Orrin akaegesha kwenye kituo cha malori, akachukua kahawa, akampigia Curtis Dahl, mpangaji wa safari wa kampuni yao.

"Siendi, Curtis. Tela ni tupu. Nangoja upepo utulie."

"Huo ni ushauri tu. Barabara haijafungwa."

"Wakija kuifunga nitakuwa nimeshalala mtaroni."

"Umezeeka, mzee. Sema tu umezeeka, nikutafutie kazi ya kufagia ghala."

"Basi nitafutie na ufagio."

Curtis akakata simu.

Haikupita robo saa, Lyle Bochner akaja na kukaa mezani kwake. Walikuwa marafiki wa miaka ishirini. Walivua samaki pamoja kila kiangazi, na Lyle ndiye aliyesimama na Orrin siku aliyooa.

"Curtis amenituma nichukue tela lako," Lyle alisema, huku macho yakiwa dirishani. "Nilipeleke Rawlins."

"Usilipeleke."

"Wewe unaweza kukataa, Orrin, nani atakugusa? Mimi mwezi uliopita tu nimepewa barua ya onyo. Nikigoma leo, kesho natafuta kazi."

"Litakuangusha."

"Nitakwenda taratibu, maili arobaini. Acha kuninunia kama mama mkwe."

Wakacheka. Orrin akatoka naye nje, mlango wa gari wakaushika wawili using'olewe, na yeye mwenyewe, kwa mikono yake, akamuunganishia mipira ya hewa ya breki. Hakumkataza mara ya pili.

Saa tano asubuhi Lyle alikuwa ameipita Arlington kidogo tu. Dereva aliyekuwa nyuma yake alieleza kwamba magurudumu ya upande wa upepo yalinyanyuka, yakarudi chini, yakanyanyuka tena, na safari hii hayakurudi. Lyle alikata roho kabla hawajamtoa.

Baada ya mazishi, Nadine, mkewe Lyle, alimfuata Orrin pale alipokuwa amesimama peke yake karibu na makoti yaliyotundikwa ukumbini.

"Shemeji, ulijua upepo ule ni mbaya?"

"Nilijua."

"Ukamwacha aende?"

"Nilimwambia asiende."

"Ulimwambia mara ngapi?"

Nadine akachukua koti lake, akaondoka.

Ripoti ya kampuni ilisema dereva aliendesha kwa mwendo usiolingana na hali ya hewa. Simu ya Curtis haikutajwa popote.

Mwezi wa Aprili madereva waliitwa kwenye kifungua kinywa cha usalama kazini. Walipomaliza mayai na viazi, Curtis akasimama na ubao mdogo wa mbao uliochorwa jina la Orrin: tuzo ya uamuzi wa busara siku ya upepo. Watu wakapiga makofi. Orrin akaenda mbele, akakamata kipaza sauti.

"Siku ile huyu aliniambia nikafagie ghala. Nilipokataa, akampa Lyle tela lile lile. Lyle aliogopa kufukuzwa, si kwamba alipenda mwendo. Andikeni hilo kwenye ripoti yenu."

Madereva aliowajua miaka nenda rudi wakatazama vikombe vyao.

"Orrin bado ana majonzi, jamani," Curtis akasema kwa upole. "Tumwelewe."

Wakampigia makofi tena, ya polepole, kama anayopigiwa mgonjwa. Orrin akauacha ubao mezani. Wiki iliyofuata ukamfikia nyumbani kwa posta.

Alikwenda kwa Nadine kumsimulia aliyoyasema. Nadine alimsikiliza mlango ukiwa nusu wazi, mkono kwenye kitasa.

"Ungeyasema siku ile ya upepo, shemeji," akamjibu, akafunga.

Orrin bado anaendesha. Amebakiza mwaka na nusu astaafu. Siku hizi akipiga simu kutoka kituoni kusema upepo ni mkali, Curtis habishani naye tena. "Sawa, mzee, pumzika," anamwambia, kisha anampigia mwingine. Orrin huinuka na kikombe chake, akapita meza kwa meza akiuliza ni nani aliyepigiwa, amsihi asiende. Wengine humsikiliza wakabaki. Wengi wanamwambia asante, baba, wanavaa kofia zao, wanakwenda.