Mukwe Yangu na Goti Yangu

Bamama benzangu, goti yangu iliharibika juu ya kucheza. Haikukuwa kuanguka, haikukuwa muzigo: kucheza! Ku ndoa ya jirani, hapa Bel-Air mu Lubumbashi, nilishuka chini na muziki, kupanda ikakatala. Bakaninyanyua sawa gunia ya makala, na binti yangu anacheka: "Mama, muziki ikikwisha, utabakia paka hapo chini tu?"

Ku lupitalo munganga akapima. Akasema mu goti kuko kakitu kalaini kenye kanalinda mifupa isisuguane, na kenye yangu kalipasuka. Hatapasua mukubwa. Atatoboa tushimo tubili: mu kamoja anaingiza kamera, mu kengine byombo yake, anaangalia mu televizyo. Akaniambia asubuhi ya operasyo nisikule kitu, na nimutajie dawa yote nakunywaka. Miye nikataja ya farmasi tu. Binti yangu akasema: "Sema na ile mizizi iko mu chupa chini ya kitanda, mama." Nikasema, munganga akaniambia niiache kwanza. Museme, bamama. Munganga haiko mulozi, hawezi kuona chini ya kitanda yako.

Nikarudia ku nyumba siku ile ile ya operasyo, na bekiye, miti ya kutembelea. Jirani mumoja akakuya kunipa pole, akaona tuplasta tubili. "Ni hii tu? Nilileta mukate na sukari juu ya hii?" Ni pale bantu banajidanganya. Inje tushimo tudogo, mais ndani kazi ilikuwa mukubwa.

Bakatuambia ku lupitalo: glaso, ile barafu, mu kitambaa, mugulu juu, goti inyoroke, plasta isilowane, na kuanza mbio kukaza nyama ya paja na kukunja pole pole, juu goti isikauke. Lakini kwetu mugonjwa anabembelezwa! Bakanitia muto mukubwa chini ya goti. Jirani akaleta na maji ya moto ya kukanda. Maji, binti yangu akaifukuza. Muto, miye nikaificha mu bulangeti. Ilikuwa tamu sana.

Alors siku ya kwenda ku kine ikafika. Kine ni ule anafundisha mwili kutembea tena. Mulango ikafunguka: mukwe yangu! Bwana ya binti yangu! Nilijua anatumikaka ku lupitalo, sikujua kama kazi ni kushika magoti ya bantu. Shiye Baluba, mukwe na mama mukwe habaangaliane mu macho; akinionaka mu njia, anapita upande ingine. Na pale miye na kikwembe, nguo ya kujifunga, imepanda juu ya paja! Nikajifunika kichwa. Yeye akageukia ukuta.

"Mama, mugulu inaendaka?" anauliza ukuta.

"Inaenda," nikajibu dirisha. Nikarudia ku nyumba.

Nikakatala kurudi. Goti ikaanza kukauka sawa samaki ya chumvi. Munganga akaipima, akakunja uso: "Mama, ukiiacha hivi, itabakia vile."

"Na Kasenga?" Juu miye nauzishaka samaki, na naendaka miye mwenyewe kuichagua ku Luapula.

"Kasenga utaisikia paka mu radio tu."

Pale roho ikanitoka. Binti yangu akasema: "Mama, ile haya, si inatoshwaka? Bwana yangu alete kuku." Ni kweli, kwetu mukwe akileta kuku na kikwembe, mukakula pamoja, haya inakwisha. Akaleta jogoo, kikwembe ya muzuri juu. Tukakula, yeye anaangalia sahani, miye naangalia sahani. Binti yangu akachoka: "Angalianeni sasa, nyama inapoa!" Tukaangaliana. Kumbe iko na macho ya muzuri.

Kumbe nilifungulia simba mulango! "Mama, kunja. Tena. Kidogo tena." Nikamuambia: "Uliniogopa depuis ndoa, leo ndiyo unanilipisha?" Akacheka: "Ndiyo, mama. Kunja." Ku nyumba akakamata muto yangu mu bulangeti, akaikalia yeye. Akasema kuuma kidogo ni kazi. Mais nyama ya nyuma ya mugulu ikivimba na kuuma, ao homa ikikuya, ao usaha, ao pumuzi ikikosa, usingoje kine, kimbia ku lupitalo. Hii naisema pasipo kucheka.

Goti ikakunjika, pole pole, na machozi yangu mingi. Siku munganga aliniruhusu, nikapanda motokari ya Kasenga. Mukwe alisema nisikale safari yote mugulu iko pahali pamoja. Donc ku Kasomeno, mu njia, nikashuka, nikashika mulango ya motokari, nakunja, nanyorosha. Shofere akapiga honi.

"Mama, unasafiri ao unacheza?"

"Ngoja, mutoto. Mukwe yangu alisema mpaka goti ikubali."

"Na mukwe yako iko wapi? Nimuulize!"

"Iko Lubumbashi. Na iko mukali kupita weye."

Bengine mu motokari bakaanza kunipigia makofi, na mama mumoja ananihesabia. Nikamaliza, nikapanda. "Sasa kanyaga," nikamuambia shofere. "Samaki haingoje."